Punguza siku, punguza dakika, makali yaache

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Kazi zimebana, na hadi miezi mitano ijayo hakuna mbio ya kujiandikisha. Mkimbiaji wa kawaida afanye nini ari isizimike?" Najibu kwa macho ya Kigoma, Novemba hadi Machi, wakati mvua, jembe na dagaa vinagombea saa zilezile za mtu.

Kwanza niisogeze hiyo ari pembeni. Wengi wanaoacha kukimbia msimu huu hawakuishiwa ari. Walichukua ratiba ya msimu wa mbio, siku tano au sita kwa wiki, wakaingia nayo kwenye miezi isiyoweza kuibeba. Wiki ya kwanza zinakosekana siku mbili, ya pili tatu, ya tatu mtu anaona haya hata kuzitazama raba zake mlangoni. Ratiba ikiwa ndogo kiasi kwamba hata wiki mbaya inaimudu, ari haina mzigo mkubwa wa kubeba.

Ndogo kiasi gani? Hilo lilishapimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Robert Hickson na wenzake kule Chicago waliwapa watu mazoezi makali ya dakika 40, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 10, halafu wakawapunguzia kwa wiki 15 zilizofuata. Waliobakiziwa siku 4, na hata waliobakiziwa 2, pumzi yao (yaani uwezo wa mwili kutumia oksijeni) haikushuka kwa maana. Kundi jingine lilipunguziwa dakika, kutoka 40 hadi 26 au 13. Pumzi ikashika pia, ingawa wa dakika 13 walipoteza kiasi cha ustahimilivu wa kazi ndefu. Walioporomoka ni wale ambao siku na dakika zao ziliachwa vilevile, wakapunguziwa makali. Mkimbiaji aliyebanwa na kazi kwa kawaida hufanya kinyume: anang'ang'ania idadi ya siku, na kwa kuwa amechoka, zote anazikimbia kivivu.

Kwa hiyo hesabu ya msimu ni hii: siku 3 kwa wiki, dakika 25 hadi 30 kila siku. Mbili ziwe na makali ndani yake, ya tatu iwe laini. Ukibahatika na Jumapili tupu, hiyo laini ivute hadi dakika 50, tuseme kuelekea Ujiji na kurudi. Ya nne usiiandike popote. Ikitokea, imetokea.

Makali unayapimaje bila saa ya gharama? Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania ana kipimo kichwani: mchakamchaka. Ukiweza kuongoza wimbo, mstari mzima bila kukatika, hiyo ni mbio laini. Ukiweza kuitikia tu, uko katikati. Ukishindwa hata kuitikia, umefika kwenye makali. Klabu za jogingi za Jumapili, pamoja na raha zake zote, hukaa kwenye kuongoza na kuitikia kwa sababu wimbo ndio unaopanga mwendo. Ziweke kwenye ile siku laini, wala usizihesabu kama siku ya makali hata kama jasho limelowanisha fulana.

Siku ya kwanza ya makali ni ya kilima, na Kigoma haijanyimwa vilima. Chukua Barabara ya Lumumba, inayopanda kutoka stesheni ya reli kuelekea Mwanga. Pasha dakika 8 chini kwenye tambarare, mbio za kuongoza wimbo. Kisha panda sekunde 45 kwa nguvu ya kukosa kuitikia, simama, tazama umeishia kwenye nguzo gani ya umeme, ushuke kwa kutembea. Rudia hadi zitimie 6. Malizia na dakika 4 za mwendo wa pole, na dakika 26 zimetosha. Kosa la karibu kila mtu ni kuufyatua mpando wa kwanza kama anakimbizwa. Dalili yake ni ile nguzo: ukiona wa nne unaishia hatua kumi chini yake, ujue wa kwanza ulikuwa wa sifa. Yote sita inatakiwa ifike nguzo moja. Na kushuka kwa kutembea si udhaifu. Ukishuka mbio, mapaja yanafanya kazi ya breki, na maumivu ya hiyo breki huja kesho yake na keshokutwa, siku ambazo una kazi nyingine. Kama asubuhi umeshinda shambani na jembe, kilima kiahirishe kabisa, maana kiuno na nyonga vimeshalipa ushuru wa siku hiyo.

Siku ya pili ya makali ni rahisi kueleza: pasha dakika 8, kimbia dakika 12 mfululizo kwa mwendo ulio ukingoni mwa makali, wa kuitikia neno moja moja tu, poa dakika 5.

Sasa saa ya kutoka. Makala nyingi za mazoezi zinaandikwa Dar es Salaam na kusema "amka saa kumi na moja alfajiri". Huku magharibi tunatumia saa ileile, lakini jua linatufikia dakika kama 40 baada ya Dar. Mwezi Novemba linachomoza kama saa 12:35 asubuhi, na ikifika Februari ni saa 1 na ushee. Anayetii makala hizo anakimbia gizani zaidi ya saa nzima, kwenye madimbwi asiyoyaona, na bodaboda zisizomwona. Faida yetu iko jioni: jua halizami kabla ya saa 12:50, na Februari linafika hadi saa 1:20. Mtu anayetoka kazini saa 11 ana mwanga wa kutosha kurudi nyumbani, kubadili nguo na kumaliza dakika 30. Kama alfajiri ndiyo nafasi yako pekee, vaa reflekta kama za bodaboda na ukimbie upande wa kulia, magari yakija usoni kwako, maana kwetu yanakaa kushoto.

Mvua ya jioni yenyewe si kitu, radi ndiyo ya kuiogopa. Ukiona mwanga wa radi na ngurumo ikafika kabla hujahesabu 30, ingia ndani ya jengo, na usitoke hadi ipite nusu saa bila ngurumo. Chini ya mwembe si ndani.

Kwa walio kwenye dagaa, wa Kibirizi kwa mfano, wiki zote hazilingani, na kuzilazimisha zilingane ni kujitafutia kushindwa. Siku za giza mitumbwi inaingia ziwani na taa, na asubuhi ni kupokea, kuanika, kugeuza na kupigia mvua jicho. Mbalamwezi ikikolea, uvuvi unapumzika. Basi panga kwa mwezi wa angani badala ya ule wa kalenda: wiki kama tatu za siku 2 tu, zote za makali, halafu wiki ya mbalamwezi weka siku 4 na ule mzunguko mrefu. Ukitazama tena hesabu za Hickson, siku 2 si aibu.

Tuje kwenye mbio zenyewe, kwa kuwa swali lenu limebeba hofu ya kukosa kitu cha kulenga. Kilimanjaro Marathon iko Moshi, na kutoka hapa hiyo ni safari ndefu, na nauli yake ni ya kuwekea akiba. Tengeneza kipimo chako. Chagua kipande cha kilomita 3 ambacho hakibadiliki na hakina makutano ya kusubiri bajaji. Kikimbie kwa nguvu zote kila baada ya wiki 4, siku ileile ya wiki, saa ileile. Andika muda, na pembeni yake maneno mawili: "joto kali", "tope jingi", "usingizi mchache". Bila hayo maneno namba inadanganya, kwani joto peke yake linaweza kukuongezea sekunde nyingi wakati mwili haujapungua kitu. Usikimbie kipimo kila wiki. Kila wiki kinageuka mtihani, na anayefeli mtihani mara tatu mfululizo huacha shule. Na katika msimu huu, muda ukibaki palepale Novemba hadi Machi, umeshinda.

Kalenda ya ukutani inafaa kuliko programu ya simu, kwa sababu jikoni kila mtu anaiona. Weka alama ya kalamu siku uliyokimbia, na kila asubuhi kabla hujainuka kitandani hesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, andika. Hii namba ndiyo itakayokutenganishia uvivu na ugonjwa, na huku kwetu hilo si jambo dogo. Mtu ambaye mapigo yake ya kawaida ni 58 akiona 67 au 68 asubuhi mbili mfululizo, na miguu mizito, asijiite mvivu akajisukuma kilimani. Alale, na akisikia joto au baridi ya mwili aende akapime malaria siku hiyohiyo. Ikionekana ipo, amalize dozi yote, asikimbie, na akishapona asianzie pale alipoachia. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni, na hazirudi kwa siku tatu za dozi. Wiki ya kwanza atembee tu, ya pili achanganye dakika moja ya mbio na mbili za kutembea, na kilima kisubiri hadi mapigo ya asubuhi yarudi kwenye 58 yake.

Limebaki la raba, maana raba mbichi imewasimamisha wengi kuliko kilima. Ukirudi umelowa, osha tope jekundu kabla halijakauka, toa soli ya ndani na kamba, jaza gazeti lililokunjwakunjwa hadi kwenye vidole, libadilishe baada ya saa moja, kisha liache usiku kucha. Usiweke karibu na jiko la mkaa wala juu ya bati la jua, gundi inaachia na soli inakuwa ngumu kama ubao. Na gazeti liwe la kawaida. Kurasa za jarida lenu, samahani Mhariri, zinang'aa mno, hazinyonyi maji.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma