Nizisugue kwa ndimu?

SWALI: Shikamoo Mzee. Bibi ameniachia kopo la sarafu kuukuu. Moja ina mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Nataka kuanza kukusanya. Nizisugue kwa ndimu zing'ae? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ndimu ibaki jikoni! Hiyo ya mizani ni pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar; itazame kama ina mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882 hivi. Weusi wake ndio ngozi inayoikinga, na asidi huila. Iliyosuguliwa hushuka thamani, na hairudi ilivyokuwa.

Ishike ukingoni. Tanga kuna unyevu na chumvi hewani, kwa hiyo kila moja iwe na bahasha yake ya karatasi, kisha kopo linalofunga vizuri, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mifuko laini ya plastiki, hapana: huacha ute wa kijani.

Halafu tafuta heller, sarafu ndogo za enzi ya Wajerumani. Mimi nazipenda mno za heller 20 zilizotengenezwa Tabora vitani, 1916.

Ukiletewa sarafu za Kilwa zilizofukuliwa ardhini, usinunue. Mwambie azipeleke Makumbusho.