Kikundi Chetu cha Wenye Usonji Kimegawanyika

SWALI: Nilitambuliwa kuwa na usonji (autism), yaani ubongo wenye namna tofauti ya kuwasiliana na kuhisi mambo, nikiwa na umri wa miaka 34, na mwaka jana nikajiunga na kikundi cha watu wazima wenye hali hii. Kwa mara ya kwanza sikulazimika kumtazama mtu machoni wala kueleza kwa nini nimenyamaza. Sasa tumegombana. Mwenzetu mmoja hubonyezabonyeza kalamu ili atulie. Mwingine anasema sauti ile haivumiliki. Yule wa kalamu aliambiwa mbele ya wote aiache au asije tena, naye akaondoka. Niliposema kwamba wote wawili wana haki, nikaitwa mnafiki. Je, hata hapa si mahali pangu?
Msomaji, jina limehifadhiwa

JIBU: Ndugu msomaji, ulichokipata mwanzoni hakikuwa ndoto. Mwaka 2012 mwanasosholojia Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao hutoka pande zote mbili, wala si upungufu wa upande mmoja. Katika utafiti wa Catherine Crompton na wenzake uliochapishwa mwaka 2020, watu walisimuliana hadithi kwa zamu, kila mmoja akimpa anayemfuata yale aliyoyasikia. Safu za wenye usonji watupu zilihifadhi habari sawa na safu za wasio na usonji. Zilizopoteza zaidi ni zile zilizochanganya makundi hayo mawili. Hata hivyo, utafiti huo ulipima hadithi, haukupima mlio wa kalamu.

Katika ugomvi wenu hakuna mkosaji wa kutafutwa, angalau si kwa habari ya kalamu yenyewe. Mmoja hutulia kwa mwendo unaojirudia na mwingine huumizwa na sauti inayojirudia, na mahitaji yote mawili ni ya mwili, si ukaidi. Vikundi vingi vya wenye usonji hukwama hapa hapa, kwa sababu wanachama huingia wakiamini kwamba wanaofanana watahitaji vitu vilevile, na hivyo hakuna anayeona haja ya kuuliza. Muulizeni kila mtu peke yake, tena kwa maandishi, ni jambo gani hawezi kulistahimili kabisa na ni lipi anaweza kulivumilia kwa muda mfupi. Huenda yule wa kalamu akaridhika na kitu cha kuminya kisichotoa sauti, na huenda asiridhike. Basi itabidi kukaa mbalimbali, kutumia viziba masikio, au kukutana kwa nyakati tofauti.

Utaratibu uliowekwa wazi si jambo geni katika jumuiya hizi. Mtandao wa Autism Network International, ulioanzishwa mwaka 1992 na watu wenye usonji wenyewe, ulianza mwaka 1996 kuandaa nchini Marekani mkutano ulioitwa Autreat. Beji za rangi zilizotokana na mazingira hayo zinaeleweka bila mtu kufungua kinywa: nyekundu humaanisha usinisemeshe, ya manjano wanisemeshe ninaowafahamu tu, na kijani karibu tuzungumze. Hakuna anayelazimika kukisia.

Ama kuhusu kuitwa mnafiki, nitasema wazi, kwa kuwa nadhani ungependa hivyo. Maneno yako yalikuwa ya kweli, lakini yalitamkwa wakati mtu anafukuzwa, na kwa aliyetengwa tangu utotoni kauli ya kusimama katikati husikika kama kumwacha peke yake. Mwandikie aliyekuita hivyo, umuulize alielewa nini, kisha umpe siku kadhaa. Wengi wetu wenye usonji hatuwezi kujibu jambo zito papo hapo, na ukimya wake usiuhesabu kuwa chuki. Wakati huohuo, usikubali hoja kwamba usonji unahalalisha kumdhalilisha mtu hadharani. Kusema bila kuzungukazunguka ni jambo moja. Kumpa mwenzako amri ya kuondoka mbele ya watu ni jingine, na kikundi kinapaswa kukubaliana kwamba malalamiko juu ya mwenendo wa mwili wa mtu yapelekwe faraghani.

Migogoro mingine itakuja, kwa mfano kama asiye na cheti cha daktari akubaliwe, au nani awasemee wasiotumia maneno. Hiyo haitatuliwi kwa beji.

Yule aliyeondoka mpelekee ujumbe mfupi kwamba umesikitishwa na namna alivyoambiwa, bila kumsihi arudi kabla mpango wa sauti haujaandikwa na kukubaliwa. Wengine wakikataa hata kuuandika, unaweza kuendelea kuonana na wale wawili au watatu mnaopatana, na mikutano ya wote ukaiacha.