Mwalimu mwenyeji akitaka kukuachia darasa lote siku ya kwanza ya BTP, mwombe abaki

Mdogo wangu unayeanza BTP, yale mazoezi ya kufundisha shuleni ya wanachuo wa ualimu, umeuliza kama ni bahati kwamba mwalimu mwenyeji wako amesema, "Chukua vipindi vyangu vyote, mimi nitakuwa ofisini." Nakujibu kwa kirefu kwa sababu mimi nilipewa bahati kama hiyo, na ilinichelewesha miaka.

Mimi ni zao la MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi hapa Tanzania. Ada ya shule za msingi ilifutwa, watoto wakafurika mwaka 2002, na mafunzo ya Daraja la A, yaani ya walimu wa shule za msingi, yakapangwa kuwa mwaka mmoja chuoni, wa pili shuleni. Huo wa pili ulikusudiwa uwe wa kulelewa. Shule niliyopangiwa ilikuwa na walimu wanne. Asubuhi niliyoripoti nilikabidhiwa boksi la chaki na darasa la tatu zima. Mwalimu mkuu simlaumu, naye alikuwa amezidiwa. Lakini mwaka ukapita, na walioniona nikifundisha ni wageni wawili waliokuja siku tofauti, wakapekua maandalio ya somo, wakasaini, wakaondoka. Nilichokijua vizuri mwishoni mwa mwaka ni kunyamazisha watoto.

Ualimu wenyewe nilifundishwa baadaye, nilipohamia shule nyingine. Vyumba havikutosha, mwalimu wa taaluma akaniweka darasa la kwanza pamoja na Mama mmoja aliyekuwa anakaribia kustaafu. Watoto walizidi mia. Siku moja nilifundisha silabi, ba be bi bo bu, darasa likaitikia mpaka mabati yakatetemeka. Nikauliza, "Tumeelewa?" Wakajibu, "Ndiyo mwalimu!" Nikajiona nimemaliza kazi. Mama akainuka nyuma, akaja ubaoni taratibu, akaweka fimbo ya kuonyeshea kwenye "bo", akamwita mtoto wa dawati la mbele. Mtoto akaanza kwa kunong'ona: ba, be, bi... bo! Alipofika ndipo akatamka kwa sauti. Akaitwa wa pili, ikawa hivyo hivyo. Walikuwa wanajua wimbo, kusoma bado.

Mbele ya watoto Mama hakusema neno. Wakati wa uji akaniambia kwamba watoto wa upande wa dirishani walikuwa wanafuata midomo ya wenzao tangu nilipoanza. Mimi nisingewaona, macho yangu yalikuwa ubaoni. Jioni tukaandika andalio la kesho yake pamoja, silabi zikiwa zimechanganywa kwenye vipande vya boksi.

Tuliishi hivyo muhula mzima. Wiki za mwanzo nilikaa na kikundi cha waliochelewa kusoma, yeye akifundisha. Baadaye akaniachia dakika kumi za mwanzo wa kipindi, halafu kipindi kizima, na mwishoni siku nzima, yeye akiwa nyuma na daftari lake. Kila hatua niliiona kwanza akiifanya yeye, na kila kosa langu alikuwepo lilipotokea. Chuoni nilisomea saikolojia ya mtoto na nikafaulu, ila hakuna mtihani ulionionyesha wale watoto wa dirishani.

Miaka baadaye ndipo nikasoma kwamba mjini Boston, Marekani, tangu 2003 kuna mpango wa namna hiyo hiyo: anayesomea ualimu anakaa mwaka mzima wa shule katika darasa la mwalimu mzoefu, huku akiendelea na masomo yake. Walichukua mfano kwa madaktari. Hata hapa kwetu daktari aliyemaliza chuo anapitia kwanza mwaka wa kufanya kazi chini ya usimamizi wa waliomtangulia. Mwalimu anapewa wiki chache tu, na nyingi anakuwa peke yake.

Naomba tusiwaite walimu wenyeji wavivu. Nimelea wanachuo wa BTP mara kadhaa, na sijawahi kupunguziwa hata kipindi kimoja kwa ajili hiyo. Ukiwa na madaftari mia yanakusubiri, mwanachuo akija unamwona kama mtu wa kukupokea mzigo. Anayetaka walezi wa kweli aanze kwenye ratiba ya shule, mlezi apate saa ya kukaa na mwanachuo wake kila siku.

Wewe ratiba huwezi kuibadilisha. Nenda kwake kesho kwa heshima, umwambie: "Mwalimu, naomba wiki mbili za kwanza tuwe wote darasani, madaftari yote nitasahihisha mimi." Wengi hukubali, maana madaftari ndiyo yanayowamaliza. Na ukifundisha, usimuulize kama somo lilikuwa zuri, atakwambia ni zuri ili usivunjike moyo. Muulize ni mtoto gani hakuelewa, na alimjuaje.

Akikataa kabisa, tafuta mwanachuo mwenzako hapo hapo shuleni. Pangeni kuingia darasa la mwenzio angalau mara mbili kwa wiki. Anayeangalia akae nyuma, upande wa dirishani.