Kabla hujanunua choo cha boti, tafuta kwanza pa kumwagia

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Boti ya faiba ya futi 32, unapakia wageni 10 mpaka 12 kutoka Msasani, Dar, kwenda visiwa vya Bongoyo na Mbudya, mara mojamoja Unguja. Choo chako cha pampu ya mkono kinavuja, tangi la stenlesi la lita 40 linajaa haraka na limeanza kulia machozi kwenye maungio, na fundi amekushauri ununue choo cha umeme ili wageni wafurahi. Unauliza ununue kipi.

Mimi nimebadilisha vyoo vitatu kwenye boti hiyohiyo moja ndani ya miaka minane, na mara mbili za mwanzo nilikosea kwa namna unayotaka kukosea wewe. Nilianza na choo. Choo ni kiti tu. Kazi yenyewe iko nyuma yake: tangi, mipira ya kupitishia majitaka, tundu la hewa, na mahali utakapokwenda kumwaga. Hicho cha mwisho ndicho kinachoamua vyote, na ndicho ambacho hukukigusa kwenye swali lako.

Najua wapo wanaosema bahari ni kubwa, fungua koki yaende zake. Wazee wetu wa majahazi walikuwa na kisanduku kimening'inia nje ya tezi, yaani nyuma ya chombo, kazi imekwisha. Sawa, lakini jahazi lilikuwa safarini, halikutia nanga mita hamsini kutoka kwa watoto wanaoogelea. Bongoyo na Mbudya ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975. Na hata ukichukua kipimo cha mkataba wa kimataifa wa MARPOL, Kiambatisho cha Nne, majitaka mabichi yanamwagwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, na yaliyosagwa na kutiwa dawa zaidi ya maili 3, tena chombo kikiwa kinatembea. Mkataba ule unahusu meli za safari za kimataifa zenye tani 400 na kuendelea, au zinazoruhusiwa kubeba watu zaidi ya 15, kwa hiyo boti yako haimo. Ila mimi naitumia ile namba kama rula. Maili 12 ni kilomita 22. Safari zako za visiwani hazifiki huko hata kidogo, kwa hiyo kila kinachoingia chooni utarudi nacho. Tangi lako ni la kubebea mpaka nyumbani, lipime hivyo.

Sasa tupige hesabu. Wageni 10, saa sita, vinywaji baridi, kila mmoja anaingia mara mbili. Hizo ni safari 20 za chooni. Mgeni anayeachiwa pampu ya mkono inayovuta maji ya bahari hupampu mpaka roho yake itulie, weka lita 3. Hapo una lita 60 kabla hujahesabu mkojo wenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo majedwali ya wauzaji wa Ulaya hayana, kwa sababu wao wanahesabu karatasi. Watu wetu wanatawaza. Ukiweka kopo, nusu lita kila mara. Ukiweka shatafu, usiniulize, maana shatafu mtu hashiki kipimo. Ongeza lita 10 kwa siku kwa uchache. Jumla unakaribia lita 75, na tangi lako ni la 40. Ndiyo maana unasema "linajaa haraka", mkuu. Linajaa sawasawa na hesabu yake.

Badilisha kitu kimoja tu, maji ya kusukumia yawe lita moja ya kopo badala ya lita tatu za pampu, na siku ileile inashuka mpaka lita 35 hivi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nanunua tangi kubwa kwa ajili ya kubeba maji ya bahari kuyatembeza.

Kwa boti yako mimi ningetafuta tangi la lita 80. Usizidishe sana. Lita 80 zikijaa ni zaidi ya kilo 80, sawa na mtu mzima aliyekaa mahali pamoja siku nzima, na ukiliweka ubavuni boti italala upande huo. Liweke karibu na katikati na karibu na choo. Ukaribu huu una sababu nyingine: mpira wa milimita 38, ule wa inchi moja na nusu, unabeba zaidi ya lita moja kwa kila mita. Kama kuna mita tatu kutoka chooni hadi kwenye tangi na wewe unasukuma na lita moja, mzigo hauendi popote, unalala ndani ya mpira, na mpira unaanza kunuka. Mita moja au pungufu, ikishuka kuelekea kwenye tangi, ndiyo raha.

Tangi la pili nililokuwa nalo lilikuwa la plastiki nyembamba, fundi alilichomelea kwa kufuata umbo la chini ya kitanda cha omo, yaani cha mbele ya boti. Lilipendeza. Tundu la hewa lilikuwa mpira mwembamba wa milimita 16 unaotokea ubavuni. Masika ile boti ilikaa wiki sita bila kazi, na nyigu wale wa udongo wakajenga humo ndani ya mpira, mimi sina habari. Mvua zilipoisha nikaita gari la kunyonya majitaka. Tukapanga siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yakatoka mbali, boti ikakaa mchangani kule Kunduchi, gari likasogea mpaka mwisho wa mchanga mgumu. Mpira wa gari ni mnene, mdomo wa kwenye sitaha yangu ni mdogo, basi kijana akazungushia matambara akashikilia kwa goti. Wakawasha.

Nilisikia "kwaa!", kama mtu amekanyaga ndoo. Unajua chupa ya maji ukiinyonya bila kuachia mdomo inavyojikunja? Ndivyo tangi lilivyojikunja. Hewa haikuwa na pa kuingilia. Nikapiga kelele wazime, wakazima, plastiki ikarudi nusu, na kona moja ikapasuka ufa wa kama shubiri. Kilichobaki ndani kikashuka ngama, chini kabisa ya boti. Vijana wa ufukweni walikuwepo wa kutosha, na maoni hayakukosekana. Siku tatu nilisugua, na wiki nzima mke wangu alitaka nguo zangu zivuliwe nje ya mlango.

Kwa hiyo tundu la hewa si nyongeza ya kuwekewa mpira wowote uliobaki dukani. Langu sasa ni milimita 25, fupi, limenyooka, halina kona inayoweza kushika maji. Mawili, moja kila ubavu, ni bora zaidi kama nafasi ipo, hewa inapita. Faida yake si wakati wa kunyonya tu. Majitaka yakipata hewa, vijidudu vinavyoyala ni vya aina isiyonuka sana. Yakikosa hewa wanakuja wale wengine wanaotoa gesi ya yai viza, na ile gesi ikikusanyika mahali pamefungwa ni sumu, si harufu tu. Na siku ya gari, fungua kwanza kifuniko cha juu cha ukaguzi ndipo waruhusu wawashe. Lile tambara la goti pia nimeachana nalo. Nilikwenda mtaa wa Gerezani, fundi akanichongea kiungio, upande mmoja mnene kwa mpira wa gari, upande mwingine unafungwa kwa nati kwenye mdomo wa sitaha. Kinakaa kwenye boksi la spana. Usipomwita mwenye gari utakuwa na lita 80 za kubeba kwa ndoo, na hakuna baharia atakayebaki kwako mwezi mzima.

Kuhusu lako la stenlesi, usilichomelee tena. Mkojo na chumvi hula penye maungio ya kuchomelea, ukiziba hapa linatoboka pale. Alumini nayo hivyohivyo. Chukua plastiki nzito, ile ya jamii ya simtanki, lakini kwa tangi la umbo la sanduku unene usipungue milimita 9. (Kuna bwana mmoja Mbezi aliweka kisimtanki kidogo cha duara kabisa. Kifuniko kilikuwa kinaruka boti ikipiga wimbi la kusi. Ameshaacha.) Mwambie mtengenezaji njia zote ziwe juu: ya kuingilia, ya hewa, na ya kunyonyea iwe bomba linalotokea juu na kushuka ndani mpaka karibu na sakafu ya tangi. Hapo kiungio kikilegea hakina majitaka yaliyosimama nyuma yake. Geji za ndani hupakwa uchafu zikaanza kusema uongo. Tangi langu ni jeupe, usiku namulika na tochi ya simu naona usawa.

Baada ya hayo ndipo tuje kwenye kiti.

Cha umeme sikikatai, tena kina uzuri wake, vipya vingi vina kitufe cha maji machache. Lakini cha volti 12 kinavuta ampea 20 hivi kinaposaga. Fundi akikuwekea waya wa taa, umeme unafika umechoka na mota inaungua. Kinahitaji waya mnene, fyuzi yake, na betri isiyokuwa ile ya kuwashia injini. Hayo yote yanawezekana. Lisilowezekana ni kumzuia mgeni asitupe pedi au vile vitambaa vya kufutia watoto. Pampu ya mkono ikiziba utausikia mkono wako. Cha umeme kikiziba utasikia harufu ya mota, na hapo una watu 12, jua la saa nane, na Mbudya hakuna duka la spea.

Vyoo vikavu vya kutenganisha mkojo na kinyesi, vinavyotumia maganda ya nazi au pumba za mbao, vinasifiwa sana na wanaozunguka dunia wawili ndani ya boti. Vinasifiwa kwa haki. Lakini vinataka ukavu. Mtu akitawaza mle ndani mara kumi kwa siku umepata uji. Kwa biashara yako usithubutu. Kile cha kubebeka chenye tangi la kuchomoa la lita 21 kinafaa boti ndogo ya familia. Kwako kitajaa kabla ya chakula cha mchana, na kukishusha kwenye kidau kikiwa kimejaa ni mtihani wa ndoa.

Ningekuwa wewe ningebaki na cha pampu ya mkono, bakuli kubwa la ukubwa wa nyumbani, na ningenunua pampu nzima mpya badala ya kubadilisha mipira yake ya ndani mmojammoja. Angalia tu matundu ya boliti yalingane na yako, sakafu ya faiba iliyokwisha kutobolewa haitaki matundu mapya. Ile valvu ya mpira ya kutokea, inayofanana na mdomo wa bata, nunua mbili za akiba, moja ibadilishwe kila mwaka. Ikichoka, mzigo unarudi bakulini mbele ya mgeni.

Njia ya kuvuta maji ya bahari mimi nimeifunga kabisa. Maji ya bahari yakilala kwenye mpira siku nne, viumbe vilivyomo vinakufa vinaoza, na asubuhi ya safari pampu ya kwanza inatoa yai viza hata kama choo ni kipya. Tena maji ya chumvi yakikutana na mkojo yanaweka ukoko mgumu ndani ya mpira, kama wa sufuria ya wali, mpaka njia ya inchi moja na nusu inabaki ya kidole. Mimi natumia dumu la maji baridi na kopo, basi. Usiunganishe tu mpira wa choo moja kwa moja na tangi la maji ya kunywa, uchafu utarudi huko. Mara moja kwa wiki namimina vikombe viwili vya siki, naviacha vilale usiku. Jik usiweke, inakausha mipira ya pampu na kuwaua hao vijidudu wanaokusaidia.

Ukiamua kuacha njia ya bahari, basi mpira wake upande juu ya usawa wa maji, upinde kama goti, na kileleni uwe na valvu ya kuvunja mvuto, inayoingiza hewa ili maji yasijivute yenyewe. Mimi sikuwa nayo. Usiku mmoja tumetia nanga, mtu akasahau mkono wa pampu upande wa kuvuta, bakuli liko chini ya usawa wa bahari, maji yakajivuta yenyewe taratibu. Nilishtuka ndala zangu zinaelea. Boti huzama hivyo, bila kutoboka.

Mipira ya zamani ya kupitishia majitaka itoe yote, hata inayoonekana mizima. Chukua kitambaa, kichovye maji ya moto, ukizungushe kwenye mpira, kikipoa kinuse. Kikinuka, harufu imeshapenya ukuta wa mpira na hakuna sabuni itakayoitoa.

Kabla hujaagiza chochote, pima chini ya kitanda cha omo na chini ya benchi la kushoto: urefu, upana, kina, na umbali mpaka ukutani mwa choo. Andika hapa na picha moja ya pampu ya sasa upande wa boliti. Pia uliza pale unapoegesha kama gari la majitaka linaruhusiwa kufika kwenye njia ya kushushia boti maji yakijaa. Kama haliruhusiwi, itabidi tuzungumzie tarehe za bamvua na tangi kubwa kidogo kuliko hilo la 80.