Nondo za faiba kwenye msingi: usibadilishe kwa kuangalia unene tu

Ukijenga karibu na maji ya chumvi, iwe Kigamboni au Bamburi, utauziwa nondo za faiba ya kioo zilizogandishwa kwa rezini. Ni kweli hazishiki kutu, na uzito wake ni kama robo ya chuma. Shida huanza muuzaji anapokwambia milimita 8 ya faiba inatosha mahali pa milimita 12 ya chuma.

Piga hesabu mwenyewe. Nondo ya chuma ya 12 ina eneo la milimita za mraba 113. Ikiwa ya daraja la 500, yaani megapaskali 500, huanza kulegea kwenye kilonyutoni 56 hivi. Faiba ya 8 ina eneo la 50, na ikiwa na nguvu ya megapaskali 1,000 hukatika kwenye kilonyutoni 50. Hapo muuzaji hajadanganya sana. Alichoficha ni ukakamavu, yaani jinsi nondo inavyokataa kurefuka: chuma gigapaskali 200, faiba takriban 50. Zidisha kila kimoja kwa eneo lake, utaona kwamba kwa mzigo uleule faiba ya 8 hurefuka mara tisa zaidi. Msingi unapinda, nyufa zinapanuka, ukuta wa juu unachanika. Tena chuma hulegea kwanza, kikakupa onyo. Faiba hukatika ghafla. Kwa hiyo mchoro wa chuma haufai: mhandisi asanifu upya, kwa mfano kwa ACI 440.11, kanuni za Marekani za zege lenye nondo za faiba ya kioo.

Saiti, usijaribu kuikunja. Ukiilazimisha inapasuka au inarudi kama ilivyokuwa, hata ukiichoma moto, na moto wenyewe unaharibu rezini. Ringi na kona ziagizwe zikiwa zimekunjwa kiwandani. Kata kwa grainda yenye diski ya almasi, ukivaa barakoa na glavu, maana vumbi lake ni kioo. Nondo zilizoviringishwa kwa roli zifunguliwe na watu wawili. Ukikata kamba ovyo zinafyatuka usoni. Zifunike turubai, jua linakula rezini.

Siku ya kumwaga, kumbuka faiba ni nyepesi kuliko zege: vibreta ikipita, wavu huelea. Ufunge chini kwenye spesa, vile vipande vinavyouinua wavu, usiuweke tu juu yake.

Na fundi umeme aambiwe mapema: faiba haipitishi umeme, kwa hiyo ethi haiwezi kuungwa kwenye nondo za msingi huo.