Ndiyo, kiti cha Roma kiliwahi kupigwa mnada

Umeuliza kama ni kweli kwamba kiti cha kaizari wa Roma kiliwahi kuuzwa kwa mnada. Ni kweli, tarehe 28 Machi 193. Askari wa ulinzi wa kaizari walimuua Kaizari Pertinax, aliyekuwa amewaahidi sesta (sarafu za Kirumi) 12,000 kila mmoja kisha akaanza kuwabana nidhamu. Siku hiyo hiyo wakanadi kiti kambini kwao. Sulpicianus, baba mkwe wa Pertinax, alikuwa ndani. Didius Julianus, seneta tajiri, alisimama nje ya ukuta. Sulpicianus alipofika 20,000 kwa kila askari, Julianus akaruka hadi 25,000, akipaza sauti na kuonyesha kwa vidole. Akapewa.

Mchezo wa kuwalipa walinzi haukuwa mgeni: Kaizari Claudius aliwapa sesta 15,000 kila mmoja mwaka 41, ila yeye hakushindanishwa na mtu.

Kosa la Julianus ni kununua kwa wauzaji wasiofaa. Walinzi walishika jiji tu. Majeshi makubwa yalikuwa mipakani, na ya mto Danube yakamtangaza jenerali wao, Septimius Severus, kuwa kaizari. Severus alipokaribia Roma, Seneti ikamhukumu Julianus kifo. Julianus alitawala siku 66. Severus akawavunja walinzi wale wote, nafasi zao akawapa askari wa majeshi yake mwenyewe.