Jibu: Kulinganisha Roma na Han bila kuishia kwenye orodha ya vita

Salaam mkuu. Nimekuelewa: unalinganisha Dola ya Roma na ile ya Han ya China, ila insha yako inageuka orodha ya vita na wafalme. Weka vita kando kwanza. Mimi huanza na swali moja tu: kodi alikusanya nani?

Roma ya zama za jamhuri iliinadi kazi hiyo. Matajiri waliahidi hazina kiasi fulani, kisha wakaenda kuwakamua watu wa majimboni, na faida ikawa yao. Han walitumia maofisa wa serikali na orodha za kaya zilizoandikwa kwenye vipande vya mianzi na mbao. Sensa ya mwaka 2 BK ilihesabu watu zaidi ya milioni 57! Hapo pana insha nzima.

Angalia pia miaka. Augustus, kaisari wa kwanza wa Roma, alipunguza sana mtindo wa kunadi kodi, kwa hiyo usichanganye Roma yake na ya Cicero, mwanasiasa wa miaka ya mwisho ya jamhuri.

Ukitaka utangulizi mtamu, mchukue Gan Ying, mjumbe wa Han aliyetumwa Roma mwaka 97 BK. Alipofika baharini, mabaharia wakamwambia upepo ukigoma safari ni miaka 2, abebe chakula cha miaka 3. Jamaa akageuza.